Kalamu Ambayo Haikuwamo Daftarini

Siku ya tatu baada ya kumzika katibu aliyetutangulia, Allah amrehemu, tulikabidhiwa ufunguo wa kabati la ofisi ya msikiti wetu hapa Mazwi. Ndani yake mlikuwa na daftari la ndoa, daftari la michango, daftari la mali, mhuri na kidau chake, chupa ya wino mweusi iliyobaki nusu, na kalamu moja ya kujaza wino, nyeusi kama mkaa, isiyong'aa. Kalamu hiyo wengi wetu tulikuwa tukiijua kabla ya kuishika. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoandika majina ya maharusi wetu na majina ya waliotoa mifuko ya saruji, na kila Ijumaa ndiyo iliyokuwa ikichungulia kutoka mfukoni mwa kanzu ya marehemu.

Msomaji atatuwia radhi kwa kusema "sisi" katika habari inayomhusu mtu mmoja. Ni desturi ya ukatibu: mtu huandika "tumepokea" na "tumeamua" hata anapokuwa peke yake mezani na taa yake. Lakini itakapofika habari ya dawa ya meno, tafadhali asidhani kuwa kamati nzima ilihusika. Mkono ulikuwa mmoja.

Tuliitumia kalamu ile muda wa miezi mitatu bila kuuliza lolote. Ilikuwa kabatini, nasi tulikabidhiwa kabati. Kalamu yetu wenyewe, tuliyoinunua mwaka tuliohitimu chuo, nayo ni nyeusi isiyong'aa, na tulikuwa tumeichagua kwa sababu ya weusi huo, tukiuona una staha zaidi kuliko kalamu zinazometameta kama vikuku. Staha yake haikudumu. Baada ya misimu miwili ya mvua rangi ilianza kubanduka kwenye mdomo wa kofia, na chini yake ikaonekana shaba ya manjano. Kisha ukatokea mduara wa manjano mkiani, pale kofia inapochomekwa wakati wa kuandika. Kisha nukta, moja moja, kutokana na funguo na sarafu zilizokuwa mfukoni pamoja nayo. Kwa hiyo tulipoishika kalamu ya marehemu, kongwe kuliko yetu kwa miaka mingi, tukakuta haina hata nukta moja ya manjano, tulishangaa.

Ilikuwa na alama za namna nyingine. Juu kidogo ya sehemu ya chuma iliyo karibu na nibu palikuwa na mabaka mawili yanayong'aa, kila moja ukubwa wa ukucha: moja upande wa kushoto, ambako hukaa kidole gumba cha mtu anayeandika kwa mkono wa kulia, na jingine juu kuelekea kulia, ambako hukaa kidole cha shahada. Penginepo pote weusi ulikuwa umetulia. Mtu angeichukua kalamu ile gizani angejua vidole vyake viende wapi.

Sisi hatukuliona hilo kuwa jambo la kuhifadhiwa. Tuliona uchafu. Tulidhani ni mafuta ya mikono yaliyogandamana kwa miaka, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa na ndoa yenye wageni kutoka Mbeya, tulitaka kalamu ya msikiti ionekane imetunzwa. Tukaiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Mabaka hayakutoka. Tukachukua mswaki wa zamani na dawa ya meno, tukaanza na baka la kidole gumba. Tulisugua kwa muda wa kama robo saa, tukasuuza, tukafuta. Baka halikuwa limetoka. Lilikuwa limekuwa kubwa. Tukasugua zaidi ili kingo zake zilingane na sehemu nyingine, na kila tulipozidi kusugua ndipo mng'ao ulipozidi kutambaa, hata upande wote wa kushoto, kutoka kwenye chuma hadi katikati ya mwili wa kalamu, ukawa unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Upande wa pili ulibaki kama ulivyokuwa. Tulikuwa na kalamu yenye nyuso mbili.

Aliyetufahamisha tulichokifanya ni fundi seremala, jirani wa soko, ambaye hakuwahi kumiliki kalamu ya namna hiyo maishani mwake. Aliigeuza chini ya mwanga wa mlango, akacheka kwa upole, akatupa mpini wa jembe uliokuwa kwenye kona ya karakana yake. "Shikeni hapa," akasema, akionyesha katikati, "kisha mshike huku." Katikati palikuwa laini na panang'aa; mwishoni palikuwa pamekauka na kukwaruza. "Nani aliupaka vanishi hapo katikati? Hakuna. Ni viganja tu."

Kisha akatueleza kwa lugha ya kazi yake. Kitu kisichong'aa si kitu kilichopakwa wepesi wa kutong'aa. Ni kitu chenye uso wa vilima na mabonde madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Mwanga ukiangukia vilima hivyo hutawanyika huku na huko, haurudi pamoja, na jicho linaona weusi uliotulia. Uso uliosawazishwa huurudisha mwanga kwa pamoja, nao ndio mng'ao. Kidole cha mtu kinapopita mahali pale pale kila siku, hukata vilele vya vilima, na jasho na mafuta yake hujaza mabonde. Mafuta hutoka kwa sabuni. Vilele vilivyokwisha kukatwa havirudi kwa sabuni. Nayo dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia. Ni msasa mwembamba kuliko wote alionao seremala. Tulikuwa tumefanya kwa robo saa kazi ambayo kidole gumba cha marehemu kiliifanya kwa miaka, ila sisi tuliifanya mahali asipopagusa.

Vumbi la Ufipa nalo linashiriki. Kuanzia Juni, baridi ya uwandani huku inaposhika na upepo ukaanza kuvuma, vumbi jekundu huingia hata ndani ya masanduku yaliyofungwa. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko plastiki na kuliko rangi. Kitambaa cha kufutia kalamu kikiwa na vumbi hilo, kila mfuto ni mkwaruzo. Twashauri kitambaa kilowekwe kidogo kwanza, na kalamu ikae katika mfuko wake peke yake, mbali na funguo.

Baada ya mazungumzo yale tulitafuta kujua kalamu ile ni nini hasa. Kwenye kibanio chake pameandikwa Lamy, kampuni ya Heidelberg, Ujerumani, na kwa umbo lake haikuwa vigumu kutambua kuwa ni ile iitwayo Lamy 2000. Ilianza kutengenezwa mwaka 1966 kwa mchoro wa Gerd A. Müller, nayo inatengenezwa hadi leo kwa umbo lile lile. Mwili wake ni polikaboneti, plastiki ngumu iliyobuniwa na kampuni ya Bayer katika miaka ya 1950 na kupewa jina la Makrolon, iliyotiwa nyuzi za kioo. Haipakwi rangi. Weusi umo ndani ya plastiki yenyewe, kutoka juu hadi kiini, na kutong'aa kwake kumetokana na kusuguliwa kwa urefu hadi ikabaki na mistari myembamba kama nyuzi za mti. Ndiyo sababu haikuwa na nukta za manjano: hakuna rangi ya kubanduka, wala shaba ya kuonekana. Inachoweza kupoteza ni ile mistari tu.

Tofauti hii wanunuzi wengi hawaijui, na wauzaji hawaisemi. Kalamu mbili zitakaa bega kwa bega dukani, zote nyeusi, zote zimetulia, na mwaka wa tano hazitafanana hata kidogo. Iliyopakwa rangi juu ya shaba itaanza kubanduka kwenye kingo, kwa kuwa kwenye kingo rangi huwa nyembamba na msuguano huwa mwingi. Na ikibanduka haina dawa, maana kuisugua ni kuimaliza. Ya alumini mara nyingi haipakwi bali huzamishwa katika maji yenye asidi na kupitishiwa umeme, hata uso wake wenyewe ukageuka tabaka gumu linaloshika rangi. Hiyo hustahimili vidole vizuri sana, lakini ikianguka sakafuni na kubonyea, weupe wa alumini hutokea pale pale. Zipo pia zinazofunikwa kwa mvuke wa metali ndani ya chumba kilichotolewa hewa, tabaka jembamba mno na gumu mno, nazo ndizo za bei kubwa. Na kwa zote hizo, akina mama watusaidie jambo moja: dawa ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie kalamu ya plastiki wala ya rangi. Huyeyusha.

Wala si balaa la zama hizi. Kalamu za kujaza wino zilipoanza kuenea, baada ya Lewis Waterman kupata hataza yake Marekani mwaka 1884, nyingi zilitengenezwa kwa mpira uliokaushwa kwa kiberiti hata ukawa mgumu kama pembe. Walizichonga mistari midogo mwilini zisiteleze na zisimetemete. Zilizotumiwa sana leo hazina mistari pale paliposhikwa, na weusi wake umegeuka kahawia kwa mwanga na unyevu. Na kabla ya Waterman kwa zaidi ya miaka 900, Kadhi an-Nu'man aliandika jinsi al-Muizz, mtawala wa Kifatimi wa karne ya 10, alivyotaka kalamu inayobeba wino wake ndani na isiyochafua mkono, ikatengenezwa kwa dhahabu. Dhahabu ni laini. Twadhani nayo ilichakaa, kama ilipata wa kuitumia.

Turudi karakanani. Fundi alituambia kuwa uso ule unaweza kurudishwa. Alitutolea kipande cha dodoki la kijani la kusugulia vyombo, lililokwisha kutumika hata likalainika. Ukilipitisha kwa urefu wa kalamu, taratibu, upande mmoja tu wa mwendo, mistari myembamba hurudi na mng'ao huondoka. Alitujaribia nyuma ya mkia, mahali padogo, tukaona kweli pamefifia. Tulifurahi kupita kiasi. Tukamwomba aendelee.

Akasita. "Nikiendelea itakuwa kama mpya," alisema. "Lakini nikitaka pande zote zilingane, itanibidi nipite na huku." Akaweka kidole juu ya baka la pili, la kidole cha shahada, ambalo hatukuwa tumeligusa. "Hapa ni pake yule mzee. Mnaniambia nipafute?"

Hatukuwa na jibu. Tuliifunga kalamu katika leso, tukaenda kwa imamu wetu baada ya Alasiri, tukamsimulia yote kuanzia mswaki. Tulitarajia atuulize juu ya dodoki. Yeye aliuliza jambo ambalo mtu aliyesomea chuoni mirathi na amana alipaswa kujiuliza siku ya kwanza: "Kalamu hii ni ya nani?"

Tukasema ni ya msikiti. Akasema, lete daftari la mali.

Daftari lile marehemu aliliandika mwenyewe, kwa kalamu ile ile, na ukilisoma unamwona. Mikeka 14, mmoja umeungua pembeni. Jeneza 1. Masufuria makubwa 6, moja bila mfuniko. Birika za kutawadhia 22, zimebaki 19. Spika ya nje, inakoroma. Mhuri na kidau. Chupa ya wino mweusi, 1. Tulipitisha kidole mstari kwa mstari, kurasa zote, mara mbili. Mtu aliyeandika hata birika zilizopotea hakuiandika kalamu. Wino ulikuwa wa msikiti, nayo kalamu ilikuwa yake.

Msomaji atakumbuka kile kisa mashuhuri cha Umar bin Abdul-Aziz na taa ya mali ya umma, aliyoizima mazungumzo yalipogeukia habari za nyumbani kwake. Sisi tumekisimulia kisa hicho madrasa zaidi ya mara moja, tena kwa sauti ya kupendeza, na bado tulikaa miezi mitatu tukiandika kwa mali ya mayatima. Sio mayatima wadogo, ni kweli. Ni watu wazima. Lakini mirathi haiangalii umri.

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume aliyeko Mpanda na binti ambaye ni mwalimu hapa mjini. Hesabu yake ni nyepesi: mafungu 24, mke 3, mwana 14, binti 7. Kalamu haigawiki, basi huthaminiwa, na mmoja huichukua kwa thamani au wenzake humwachia. Tatizo ni kuwa thamani yake ilikuwa imeshuka mikononi mwetu. Aliyeharibu mali ya mwenzake bila idhini anadaiwa, hata kama alikusudia kuitengeneza. Imamu alitupa hiari ya kwenda na kalamu ilivyo, au kwenda nayo imepitishwa dodoki, ila tuseme tulichofanya. Alikuwa anatutazama sana alipotaja hiyo ya pili. Tukamwambia tutaipeleka ilivyo.

Tulisubiri eda imalizike, kisha tukaenda, sisi na imamu, na kaka wa mjane akiwepo. Yule mama alituketisha, akamwita binti yake, akatuuliza hali za watoto na za msikiti. Tulipoitoa ile leso mkono ulitetemeka kidogo. Tukaeleza. Hatukurefusha, tulisema tuliitumia bila ruhusa, tukaiharibu upande mmoja, na tuko tayari kulipa kile kilichopungua.

Macho ya yule mama yamepungua kwa mtoto wa jicho. Hakuitazama kalamu, aliizungusha polepole kati ya vidole. Alipofika upande wa kushoto alisimama.

"Hapa siye," akasema.

Hatukuthubutu kujibu. Akaendelea kuizungusha, akafika juu, kwenye lile baka la kidole cha shahada, akaweka kidole chake pale na kukiacha. Alikaa hivyo muda ambao sisi tuliuona mrefu. Kisha akasema kuwa kalamu ile ililetwa na mpwa wa mumewe aliyekuwa baharia, mwaka binti huyu alipozaliwa, na kuwa kwa wiki nzima mzee hakuitia wino kwa kuogopa kuichafua.

Tulimtaja yule fundi na dodoki lake, tukasema upande wa kushoto peke yake unaweza kufifishwa, kwa uangalifu, bila kugusa juu. Binti ndiye aliyejibu. "Acheni, kaka Katibu. Msiisugue tena." Hakusema kwa hasira, lakini hakutabasamu pia, nasi hatukustahili tabasamu.

Mwana aliyeko Mpanda alipigiwa simu palepale, akasema fungu lake anamwachia dada yake. Mama akasema vivyo hivyo. Juu ya malipo, mama alikataa, binti akanyamaza, na imamu akatukumbusha kuwa mwenye haki ya kusamehe ni yule ambaye sasa kalamu ni yake. Binti akafikiri, akasema tumnunulie chupa ya wino, ya kwake, tusimletee ya msikiti. Tuliagiza kwa dereva wa basi la Mbeya, ikafika baada ya siku nne.

Hati ya makabidhiano tuliiandika kwa kalamu yetu yenye kubanduka. Binti alitia sahihi kwa ya baba yake, ambayo ndani yake mlikuwa na wino wetu wa mwisho, kwa idhini ya imamu. Hapo tukaona jambo ambalo hatukulijua: yeye huandika kwa mkono wa kushoto. Kidole chake cha shahada kiliangukia upande ule tuliouharibu, karibu kabisa na mahali palipokuwa pa kidole gumba cha baba yake, na kikateleza kidogo kwa ulaini wake. Akakirudisha, akakaza, akaandika jina lake lote.

Jioni ile tulifungua daftari la mali, ukurasa wa mwisho ulioandikwa kwa mwandiko wa marehemu, na chini yake tukaongeza mstari mmoja kwa mwandiko wetu: Kalamu ya kujaza wino, nyeusi, 1, rangi imebanduka kwenye mdomo wa kofia na mkiani, imetolewa na katibu kuwa mali ya msikiti tangu leo.